Saidicheni na vokoda ni ufundi mmoja: uzi maalumu kwa maprodyuza

#1 Mtambo wa Besi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani kila baada ya siku chache anaibuka mtu anauliza saidicheni inawekwaje, na kwenye uzi wa jirani mwingine anauliza ile sauti ya roboti, yaani vokoda, inapatikanaje. Majibu hutolewa kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Msimamo wangu, na nitautetea humu, ni kwamba ni jambo moja. Sauti A inapimwa ukubwa wake muda wote, na kipimo hicho kinashika kitasa cha voliumu cha sauti B. Kwenye saidicheni, A ikipanda B inashushwa. Kwenye vokoda, A ikipanda B inafunguliwa, ila kazi hiyo inafanyika mara kumi au ishirini kwa wakati mmoja, kila mkanda wa masafa na kitasa chake.

Leo naanza na saidicheni. Vokoda nitaishusha chini kidogo, msinikimbize.

Kwa nini tunaihitaji? Kiki (ngoma nzito inayopiga mdundo) na besi zote zinakaa chini, kati ya Hz 40 na 120 hivi. Kiki ikifika kilele cha desibeli -6 na besi nayo ikafika -6 kwa wakati mmoja, mawimbi yakiangukiana sawasawa jumla yake ni 0, yaani umegonga dari kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Mawimbi yakipishana ndiyo kabisa, kiki inameza nusu ya besi na unabaki unashangaa kwa nini biti haina nguvu ilhali mita zimejaa. Kwa hiyo tunaiambia besi: kiki ikipiga, wewe pisha.

Hesabu yake iko hivi. Kiki yako inafika -6. Kizingiti cha kompresa (kifaa kinachoshusha sauti pale kiwango ulichoweka kinapovukwa) umekiweka -18. Kiki imevuka kizingiti kwa desibeli 12. Uwiano ukiwa 4 kwa 1, zile 12 zinaruhusiwa kubaki 3, hivyo kompresa inakata 9. Na hizo 9 zinakatwa kwenye BESI, si kwenye kiki. Hapa wengi hawapaoni: ukubwa wa besi hauhusiki kabisa na hesabu hii. Besi iwe juu iwe chini, itakatwa 9, maana kinachopimwa ni kiki peke yake. Ndiyo maana ukishusha fada (kitasa cha voliumu) ya kiki baadaye wakati wa kumiksi, ghafla besi inaacha kupumua na hujui kimetokea nini. Katika baadhi ya programu mstari wa saidicheni unachukua sauti baada ya fada, hivyo umeipunguzia kompresa chakula chake.

Kwa wa FL Studio, ile programu ya kutengeneza biti, ambao najua ndio wengi hapa: kiki iwe chaneli yake kwenye miksa, besi chaneli yake. Chagua chaneli ya kiki, kisha bofya kulia mshale ulio chini ya chaneli ya besi, chagua "Sidechain to this track". Usibofye kawaida, utakuwa unaimwaga kiki yote ndani ya besi. Kwenye besi weka Fruity Limiter, hamia upande wa COMP, na kwenye kiboksi cha SIDECHAIN bofya kulia uchague kiki. Shusha THRES (kizingiti), ongeza RATIO (uwiano), halafu kaa na ATT (ataki) na REL (rilisi). Hapo kwenye REL ndipo penye muziki wenyewe.

Ataki, muda wa kompresa kuanza kukata, iwe fupi, milisekunde 1 hadi 5. Rilisi, muda wa kuachia, unaipigia hesabu kutoka kwenye spidi ya biti: gawa 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika), unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. House ya 128 inakupa karibu 469. Amapiano ya 112 inakupa karibu 536. Besi inatakiwa iwe imerudi kabla ya kiki inayofuata, kwa hiyo ukitaka ule mhemo mzito wa kuvuta pumzi, rilisi iende mpaka karibu nusu ya pigo na kupita kidogo. Ukitaka isisikike, iwe tu usafi wa chini, milisekunde 60 hadi 100 zinatosha. Ila namba hizi ni pa kuanzia. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) moja ikikuandikia 200 na nyingine ikakuandikia 200, hazimaanishi kitu kimoja, kila mtengenezaji anapima rilisi kivyake. Masikio ndiyo hakimu.

Nawasilisha nusu ya kwanza.

#2 Chumvi Kidogo

Naweka kambi hapa. Uzi usifungwe.

#3 Kijana wa Manzese

Mkuu shikamoo. Mimi natengeneza singeli, biti zangu zinaanzia 200 kwenda juu. Nimefuata hiyo ya REL, besi imepotea yote, imebaki inatetemeka kama simu ikiwa mezani. Tatizo nini?

#4 Mtambo wa Besi

Marahaba mdogo wangu. Tatizo ni hesabu, na umeuliza swali zuri kuliko uzi wenyewe.

60,000 gawa kwa 200 ni 300. Ukipanda 240 ni 250. Somo lote unalolikuta mtandaoni limeandikwa na watu wa house, 120 hadi 130, wana karibu nusu sekunde ya kuchezea. Wewe una robo. Na kwenye singeli kiki haisubiri pigo, inajaza katikati, hivyo nafasi halisi kati ya kiki na kiki inaweza kuwa milisekunde 125. Besi ikianza kurudi inapigwa tena. Huo mtetemo unaousikia ndio huo.

Fanya hivi. Kwanza, usimtumie kiki mwenyewe kama kichocheo. Kompresa haianzi kuachia mpaka kiki ishuke chini ya kizingiti, na kiki yenye mkia mrefu inakula muda wote uliokuwa nao. Tengeneza chaneli ya kiki bubu: sampuli fupi kama mlio wa rimu (ukingo wa ngoma ukigongwa), milisekunde 20 au 30, isiyokwenda masta (njia kuu ya kutokea sauti), inayokwenda kwenye saidicheni tu. Hiyo unaipanga unavyotaka. Si lazima ipige kila kiki inapopiga, iweke kwenye zile kubwa tu, nyingine ziache zipite.

Pili, kata chini tu. Gawa besi mara mbili, chini ya Hz 120 ipishe kiki, juu yake iachwe. Sikio linaendelea kuisikia besi kwenye sehemu ya juu hata pale chini inapokuwa imeshushwa.

Tatu, rilisi usishuke chini ya milisekunde 30 hivi kama unachochea kwa kiki yenyewe. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa milisekunde 20. Rilisi ikikaribia hapo, kompresa inaanza kufuata wimbi lenyewe badala ya kufuata kiki, na unapata mkwaruzo. Kuna wanaoupenda. Kwenye singeli sitashangaa ukiupenda.

Kingine: singeli nyingi inajengwa juu ya vipande vilivyochukuliwa kwenye taarabu au mchiriku na kuongezwa spidi, na kiki tayari imo ndani ya kipande. Hapo huna kiki ya kupeleka popote, ni kiki bubu tu itakayokusaidia.

#5 Mwl. Masafa

Mtambo, nakuheshimu lakini hapa unawachosha vijana. Mwaka huu nani bado anahangaika na kompresa kwa kazi hii? Kuna plagini za kuchora umbo la voliumu: Kickstart, LFOTool, VolumeShaper. Unachora mteremko, unaufunga kwenye spidi ya biti, kazi imeisha. Hakuna kizingiti, hakuna uwiano, hakuna kubahatisha rilisi. Ndani ya FL mwenyewe kuna Gross Beat. Hiyo hesabu ya 4 kwa 1 iache makumbusho.

#6 Mtambo wa Besi

Mwalimu karibu, nilijua utakuja.

Kwa house ya kiki nne zisizobadilika, nakubaliana nawe mia kwa mia, chora umbo uende ukalale. Ila hizo plagini kwa kawaida haziisikilizi kiki. Zinaangalia saa. Kiki ikihama, ikirukwa, mpigaji akichelewesha kidogo makusudi ili biti ilegee, umbo lako linaendelea kushusha besi mahali ambapo hakuna kiki. Jaribu kwenye amapiano uone, maana pale mara nyingi kazi ya kusukuma wimbo inafanywa na log drum (mlio wa besi unaopigwa kama ngoma) ambayo haikai kwenye gridi hata kidogo.

Na kuna kazi ambazo saa haiwezi kabisa. Mtangazaji wa redio akifungua mdomo, muziki unashuka wenyewe, akinyamaza unapanda. Saa itajuaje atanyamaza lini? Nitakupa nyingine ya studio: mwangwi wa sauti ya mwimbaji. Weka kompresa kwenye chaneli ya mwangwi, ichochewe na sauti kavu ya mwimbaji huyo huyo. Akiimba, mwangwi unashuka, maneno yanasikika safi. Akimaliza mstari, mwangwi unafunguka na kujaza pengo. Desibeli 4 au 5 zinatosha. Mimi naiona hiyo kuwa matumizi bora ya saidicheni kuliko besi, na ni wachache wanaoitumia.

Halafu usiitukane kompresa. Alesis 3630 ilikuwa kompresa ya bei ya chini kabisa, wahandisi wa studio kubwa walikuwa wanaidharau, na ndiyo inayotajwa kila mara watu wakizungumzia ule mhemo wa house ya Ufaransa ya miaka ya 1990, Daft Punk na wenzao. Ule mhemo haukuwa umbo lililochorwa. Wimbo mzima ulikuwa unasukumwa ndani ya kompresa mpaka ukalalamika.

#7 Mwl. Masafa

Hiyo ya mwangwi nakupa. Ya Alesis ni mapenzi ya vitu vya zamani tu.

#8 Nairobi Usiku

Hamjambo wa Bongo. Nafuatilia kutoka Nairobi, naomba kuongeza moja. Watu wengi huku wanasikiliza kwa spika ya simu, na simu haitoi chochote cha maana chini ya Hz 200 na kitu. Kiki yako ya Hz 50 haipo hapo. Lakini ukishusha padi (sauti ndefu ya kinanda) na gitaa kidogo kila kiki inapopiga, msikilizaji wa simu anahisi pigo ingawa halisikii. Kwa hivyo mimi saidicheni nyepesi naiweka kwenye vitu vya kati pia, desibeli 2 ama 3, na naijaribu kwa simu kabla ya kutuma kazi kwa mteja. Pia swali: kwa amapiano, nini kinampisha nani? Log drum ndiyo besi na ndiyo ngoma.

#9 Mtambo wa Besi

Ndugu yangu wa Nairobi, nyongeza yako iandikwe kwa wino mzito.

Log drum ndiye mwenye nyumba, wengine wote wampishe. Kiki ya amapiano mara nyingi ni laini, fupi, iko pale kuhesabu tu. Mimi nachochea padi na piano kwa log drum, si kwa kiki, na kiki nayo naichonga chini ili isimguse. Shida yake moja: log drum inateleza, noti inashuka kutoka juu kwenda chini, na ukubwa wake unabadilika noti kwa noti. Noti nzito itashusha padi kwa desibeli 8, nyepesi itashusha 2. Ukiona inayumba kupita kiasi, rudi kwenye kichocheo bubu, nakili noti za log drum kwenye rimu fupi zenye nguvu sawa.

Sasa vokoda, kabla sijasahau nilichoahidi.

#10 Mtambo wa Besi

NUSU YA PILI.

Vokoda haikuzaliwa studio. Ilizaliwa kwenye simu. Homer Dudley wa Bell Labs, Marekani, alianza kuishughulikia mwishoni mwa miaka ya 1920, na shida yake ilikuwa waya: sauti ya mtu inachukua nafasi kubwa kwenye waya wa simu, je, inawezekana kutuma maelezo ya sauti badala ya sauti yenyewe? Akaigawa sauti kwenye mikanda ya masafa, akapima ukubwa wa kila mkanda, akatuma vipimo tu. Upande wa pili mtambo unapokea vipimo na kuijenga sauti upya kutoka kwenye mlio usio na maana yoyote. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, wakubwa wa Marekani na Uingereza wakaihitaji kwa siri zao. Mtambo ulioitwa SIGSALY ulianza kazi mwaka 1943 kati ya Washington na London, ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na moyo wake ulikuwa vokoda. Vipimo ni rahisi kuvificha kuliko sauti.

Muziki ulikuja kuichukua baadaye. Mwanamuziki Wendy Carlos na mtengeneza sintesaiza Robert Moog walitengeneza ya kwao mwaka 1970, ikasikika kwenye filamu ya Stanley Kubrick mwaka uliofuata. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani wakaifanya kuwa sura yao. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 70 zikaja za kuuzwa: Sennheiser VSM201, Korg VC-10, Roland VP-330.

Utendaji wake. Una sauti mbili. Moja ni inayoamuru, kwa kawaida mtu anayeongea, tuiite moduleta. Nyingine ni inayobeba, kwa kawaida sintesaiza, tuiite karia. Zote mbili zinapitishwa kwenye vichujio vilevile, tuseme 16. Mkanda wa kwanza wa sauti ya mtu unapimwa ukubwa, kipimo kinafungua au kufunga mkanda wa kwanza wa sintesaiza. Wa pili kwa wa pili. Mpaka 16. Kisha mikanda yote ya sintesaiza inajumlishwa, na unachosikia ni sintesaiza inayoongea.

Mmeona? Ni saidicheni 16 zilizosimama mstari mmoja, zimegeuzwa kichwa chini. Mwenye subira anaweza kuijenga kwa mikono, akagawa mikanda na kuweka geti (kifaa kinachofunga sauti iliyo chini ya kiwango) yenye saidicheni kwenye kila mmoja. Nimewahi kuijenga ya mikanda minane kwa ubishi tu. Inaongea, vibaya, lakini inaongea.

Kutokana na hilo mambo matatu yanajieleza yenyewe.

Vokoda haijali umeimba noti gani. Noti zinatoka kwenye kinanda. Kwa hiyo usihangaike kuimba, ongea, tamka kwa nguvu, weka mdomo karibu na maiki. Anayeimba kwa madoido ndani ya vokoda anapoteza madoido yote.

Vokoda haiwezi kufungua kitu ambacho hakipo. Karia ikiwa wimbi la sine (noti tupu yenye masafa mamoja tu), mikanda 15 kati ya 16 ni mitupu. Tumia wimbi la msumeno (lenye masafa mengi), mawili matatu yaliyopishana toni kidogo, kichujio wazi kabisa. Hapa Kiswahili kina somo lake. Irabu i na u zinafanana sana chini, zote zina nguvu karibu na Hz 300. Kinachozitofautisha kiko juu, i ina kilele kingine kupita Hz 2,000 na u kilele chake cha pili kiko chini ya 1,000. Sintesaiza yako ikiwa ya giza, imekatwa kwenye Hz 1,000, "kila" na "kula" zinakaribia kuwa neno moja. Kabla hujailaumu plagini, fungua kichujio.

Na vokoda inapima kila kitu kinachoingia kwenye maiki. Feni, jenereta ya jirani, bodaboda inayopita, vyote vinafungua mikanda. Weka geti na kompresa kwenye sauti KABLA ya vokoda. Kompresa ikandamize kwelikweli, desibeli 10 si dhambi hapa, maana silabi dhaifu hazifungui chochote.

Kuhusu idadi ya mikanda: 8 hadi 16 ni roboti wa zamani, VP-330 yenyewe ilikuwa na 10. Ukienda 40 maneno yanasikika vizuri zaidi lakini ile tabia inaondoka. Vocodex ya FL inafika 100 na sijaona sababu ya kufika huko.

#11 Baharia wa Mbagala

Kwa hiyo mkuu hii vokoda si ndiyo ile Auto-Tune? Ile ya mwimbaji Cher?

#12 Mwl. Masafa

Hapana kaka. Auto-Tune inachukua sauti yako na kuisogeza hadi kwenye noti, lakini bado ni koo lako. Vokoda inatupa koo lako, inabakiza umbo la matamshi tu. Ila usione aibu kuchanganya, maana wimbo wenyewe unaousema, "Believe" wa 1998, watayarishaji wake mwanzoni walisema ni vokoda, wakaificha Auto-Tune iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma. Dunia nzima ilichanganywa kwa makusudi.

Kuna na ya tatu inayochanganywa: talk box, ya akina mwanamuziki Roger Troutman. Pale hakuna kompyuta wala vichujio. Sauti ya kinanda inapitishwa kwenye mpira mwembamba hadi mdomoni mwa mpigaji, mdomo wenyewe ndio unachonga maneno, maiki inanasa. Ukiona mtu ana bomba mdomoni, hiyo si vokoda.

#13 Binti Mvita

Assalaam alaykum. Kaka Mtambo, umefafanua vizuri sana, Mola akuzidishie. Mimi niko Mombasa, nimejaribu kuiweka vokoda kwenye mashairi ya taarabu ya kisasa, nyuma ya mwimbaji, ijibu kiitikio. Irabu zatoka vizuri mno. Lakini herufi s, sh, ch zapotea kabisa. "Shauri yako" yasikika "auri yako". Nimefungua kichujio kama ulivyosema, bado.

#14 Mtambo wa Besi

Waalaykum salaam dada yangu. Wazo la vokoda kujibu kiitikio cha taarabu ni zuri, naomba usiliachie.

Irabu zinatoka vizuri kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu ndiyo chakula cha vokoda. Konsonanti kama s na sh ni hewa tupu, nguvu yake iko kuanzia Hz 3,000 au 4,000 kwenda juu, na haina noti. Sintesaiza yako huko juu inakuwa imeishiwa hata ukifungua kichujio chote, kwa sababu wimbi la msumeno linapungua kadiri unavyopanda. Mkanda unafunguliwa, ndani hamna kitu.

Dawa ni mbili, chagua au changanya. Ya kwanza, ongeza mvumo mweupe (mlio wa "shhh" kama redio isiyoshika stesheni) kwenye karia, kidogo tu, ukiwa chini ya noti kwa desibeli 15 au 20. Vokoda ikisikia sh itafungua mvumo huo na utaisikia sh. Vokoda nyingi zina kitasa chake tayari, zinatambua herufi zisizo na noti na kuweka mvumo zenyewe. Ya pili, chukua nakala ya sauti yako ya asili, kata kila kitu chini ya Hz 5,000, ichanganye chini kwa chini na vokoda. Msikilizaji hatajua. Atadhani roboti ana meno.

Binafsi kwa taarabu ningechukua ya pili, mvumo unaweza kugombana na sauti za nyuzi.

Na punguza rilisi ya vokoda yenyewe. Ikiwa ndefu silabi zinapakana rangi. Milisekunde 20 hadi 50 kwa maneno ya kasi, ukitaka ule mvuto wa kwaya inayoyeyuka ndipo upandishe.

#15 Binti Mvita

Nimefanya ya pili. Sasa yasema "shauri" sawasawa, mpaka mamangu kauliza ni nani huyo. Ahsante sana.

#16 Chumvi Kidogo

Mkuu tuoneshe basi hiyo Vocodex inavyounganishwa, nimejaribu nasikia sauti yangu kavu tu. Na wenye laptopu za kuazima tusio na FL kamili?

#17 Mtambo wa Besi

Unasikia kavu kwa sababu chaneli ya sauti bado inakwenda masta. Fanya hivi: sauti chaneli moja, sintesaiza chaneli nyingine, Vocodex ikae chaneli ya tatu iliyo tupu. Sauti na sintesaiza zote zipelekwe kwenye ya tatu kwa "Sidechain to this track only". Hiyo "only" ndiyo inayozizima kwenda masta. Kisha ndani ya Vocodex chagua namba ya moduleta na namba ya karia. Ukizigeuza, kinanda ndicho kitakachokuwa kinaiamuru sauti yako, na utapata kitu cha ajabu ambacho saa nyingine ni kizuri.

Asiye na FL: TAL-Vocoder ni ya bure, ina sintesaiza yake ndani, mikanda 11, harufu ya zamani kabisa. Reaper, programu nyingine ya kurekodi, ina ReaVocode, na kwa saidicheni ina ReaComp. Kwenye Reaper unapeleka kiki kwenye chaneli 3/4 za besi, halafu ndani ya ReaComp unachagua isikilize "Auxiliary". Ukiizoea hiyo ya 3/4, utaelewa programu nyingine zote.

Sasa niunganishe uzi, maana ndipo nilipokuwa naelekea. Una padi ya vokoda, unataka ipumue na kiki. Kompresa ya saidicheni iwekwe wapi? Weka BAADA ya vokoda. Ukiiweka kwenye sauti ya mtu kabla ya vokoda, unashusha kipimo, si sauti. Silabi inayoangukia kwenye kiki haifungui mikanda, konsonanti inakufa, na pia vipimo vya vokoda vina rilisi yake, hivyo mshuko wako unafika umechelewa na umelegea. Kwenye karia kabla ya vokoda haina madhara hayo, matokeo yanakaribiana na kuweka baada.

Halafu jaribuni hili usiku mkiwa peke yenu. Ondoeni sauti ya mtu. Moduleta iwe ngoma nzima, kiki, snea, haihati. Karia iwe padi ndefu ya kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja. Kiki inafungua chini ya padi, snea katikati, haihati juu. Kodi iliyokuwa imelala inaanza kucheza kwa mdundo wa ngoma zako, kila ngoma na mkanda wake. Halafu weka padi hiyo pamoja na nyingine iliyoshushwa na kiki kwa kompresa. Moja inafunguka pale nyingine inapofunga. Mwl. Masafa aje aniambie hayo ni mambo mawili tofauti.

#18 Mwl. Masafa

Nimejaribu. Kompresa inapima kila kitu kwa pamoja na vokoda inapima kwa mikanda, kwa hiyo tofauti ipo na nitaendelea kusema ipo. Lakini hiyo ya ngoma kufungua padi imeingia kwenye biti ya mteja wangu leo hii. Punguza haihati kabla ya kuipeleka, inafungua juu muda wote na padi inakosa kupumua.

#19 Nairobi Usiku

Swali la mwisho wakuu. Nataka kuipiga vokoda laivu, maiki kwa laptopu. Nikiongea inachelewa, naboeka.

#20 Mtambo wa Besi

Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata. Ukiwa na sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni karibu milisekunde 12 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, na bado hujahesabu kadi ya sauti. Shuka 128, ni karibu milisekunde 3 kila upande. Laptopu ikianza kukwaruza, zima kila plagini nyingine, biti ipige ikiwa faili moja lililokwisha kupikwa, ibaki vokoda peke yake inayofanya kazi. Mikanda ipunguze mpaka 12. Na maiki iwe ya dynamic, usishike ya kondensa jukwaani, spika za ukumbi zitaingia kwenye maiki na kiki yenyewe itaanza kukufungulia vokoda.

Kijana wa Manzese, ile biti ya 200 ulisema utaipandisha. Ipandishe bila masta, na chaneli ya kiki bubu uiache wazi tuisikie imekaa wapi.

#21 Kijana wa Manzese

Inapanda mkuu, bando linasumbua. Rilisi nimeishusha hadi 45, rimu bubu nimeiweka kwenye kiki ya kwanza na ya nne tu.